Biblia isiyo na kosa haikuanzia Marekani

Katika semina za wachungaji Mbeya na Iringa kuna kauli inayorudiwa: imani kwamba Biblia haina kosa lolote ilitengenezwa na Wamarekani karne ya 19, ikaletwa huku na wahubiri wa kilokole. Wanaoisema huwa wamesoma, na nusu ya maneno yao ni kweli. Mwaka 1881 wanateolojia wawili wa Marekani, A. A. Hodge wa seminari ya Princeton na mwenzake B. B. Warfield, walichapisha makala iliyodai kuwa Maandiko hayana kosa katika nakala za kwanza kabisa, zile zilizotoka mikononi mwa waandishi. Mwaka 1978 mkutano wa wanateolojia wa kiinjili mjini Chicago ukayapanga hayo katika vifungu 19. Wapinzani huuliza nakala hizo ziko wapi. Hazipo, basi mnatetea kitabu ambacho hakuna aliye hai aliyewahi kukiona.

Ni swali zuri, ila jibu lake ni la zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 5 Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, alibishana na Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, juu ya Wagalatia 2. Yeronimo alishikilia kwamba Paulo alijifanya tu kumkemea Petro. Augustino hakukubali: ukiruhusu uongo mmoja wenye faida ndani ya Maandiko, kila mtu atakwepa aya inayomchoma. Akaandika kuwa anaamini waandishi wa vitabu hivyo hawakukosea popote, na akikuta jambo linalopingana na ukweli, basi ama nakala ina kasoro, ama mfasiri hakupata maana, ama yeye mwenyewe hajaelewa. Sababu ya kwanza kati ya hizo ndiyo hoja ya Warfield.

Wala si kisingizio. Chukua umri wa Mfalme Ahazia. 2 Wafalme 8:26 inasema alianza kutawala akiwa na miaka 22. Kiebrania cha 2 Mambo ya Nyakati 22:2 kinasema 42. Baba yake, Yehoramu, alianza na miaka 32, akatawala 8, akafa. Fanya hesabu: baba amekufa na 40, mwana anayemrithi ana 42! Hakuna mwandishi aliyekusudia hivyo. Zipo nakala za Kigiriki na za Kisiria zenye 22, kwa hiyo anayesema mnakili aliteleza ana ushahidi mkononi.

Mathayo 27:9 ni ngumu zaidi. Vile vipande thelathini vya fedha vinatajwa kuwa vilinenwa na Yeremia, ilhali maneno yanafanana zaidi na Zekaria 11. Augustino alikiri kuwa nakala nyingi, na za zamani, zina Yeremia, akakataa kumtupia lawama mnakili. Alitafuta maelezo mengine: Roho aliruhusu iwe hivyo, kwa kuwa manabii wote wananena kwa umoja. Maelezo hayo yanaweza yasikuridhishe, lakini yanaonyesha mtu aliyeshika imani hii bila kuficha mambo.

Kilicho kipya ni kuigeuza kipimo cha kumtoa mtu nje. Hapo wapinzani wana hoja. Mwaka 1675 Waswisi wa Kireformati walitoa tamko lililotetea hata irabu za Kiebrania kuwa zimetoka kwa Mungu, ingawa tangu 1624 msomi wa Kiebrania Louis Cappel alikuwa ameonyesha kuwa alama zake ziliongezwa baadaye na wasomi wa Kiyahudi. Mwanateolojia Francis Turretin wa Geneva alilipigania tamko hilo. Mwaka 1706 mwanawe aliongoza juhudi za kuliondoa mjini humo. Wachungaji waliolazimishwa kulitia sahihi waliumia bure.

Marekani, Charles Briggs, profesa wa Biblia, alitoa hotuba New York mwaka 1891 akikana kwamba Biblia haina kosa, na kufikia 1893 Wapresbiteri walikuwa wamemsimamisha uchungaji. Mwaka huohuo wa 1891 Wamoravian walifika Rungwe. Zinzendorf, kabaila Mjerumani aliyewalea wazee wao kule Herrnhut, Ujerumani, alikiri waziwazi kuwa Biblia ina makosa ya historia na tarehe, na hakuacha kuihubiri. Kwa hiyo Mmoravian wa Tukuyu anayesema waasisi wa kanisa lake hawakudai sharti hilo hajakosea. Anapoongeza kuwa imani yenyewe imetoka Chicago, hapo amemruka Augustino.