Nani alilipia petroli ya Montgomery?

Simulizi tuliyoizoea ni fupi mno: ndani ya basi mjini Montgomery, Alabama, Marekani, mshonaji Mweusi mwenye miguu iliyochoka, Rosa Parks, anakataa kumpisha Mzungu kiti, anakamatwa, mchungaji kijana Martin Luther King anahutubia, ubaguzi kwisha. Kwanza, Parks alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, na mwanaharakati wa miaka mingi. Pili, na hapa ndipo ninapobishana na watu, hotuba haijazi tangi la gari.

Mgomo wa Weusi wa kususia mabasi ya mji ulianza tarehe 5 Desemba 1955 ukadumu siku 381. Kabla yake, Weusi walikuwa kama robo tatu ya abiria. Walilipa nauli mlango wa mbele, wakaambiwa washuke wazunguke wakapandie nyuma, na madereva wengine waliondoa basi kabla hawajaufikia mlango. Wengi wao walikuwa wapishi, wafua nguo na yaya katika nyumba za Wazungu. Kususia mabasi ni rahisi kutamka. Kesho yake asubuhi mpishi atafikaje kazini?

Teksi za Weusi zikawabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Wakuu wa mji wakafufua kanuni ya nauli isiyopungua senti 45. Ndipo chama cha mgomo, MIA, kikapanga magari ya watu binafsi, mamia, na vituo vya kupandia na kushukia. Bima zilipofutwa, wakaipata kwa Lloyd's ya London. Huo si muujiza, ni usimamizi wa usafiri, na ulikula fedha kila siku.

Mtu ninayetaka atajwe zaidi ni Georgia Gilmore, mpishi wa mgahawa. Aliwakusanya wanawake wenzake wakauza sandwichi za kuku, keki na pai, na mapato akayapeleka kwenye mikutano ya mgomo. Kikundi walikiita “Klabu Isiyotoka Popote”: ukiuliza hela zimetoka wapi, jibu ni hilo hilo, hazijatoka popote. Hivyo mwajiri Mzungu hakuweza kujua kwamba yaya wake ndiye aliyeoka keki. Gilmore mwenyewe hakujificha. Machi 1956 alitoa ushahidi katika kesi ya King, aliyeshtakiwa kwa sababu ya mgomo, akapoteza kazi, akahamishia biashara jikoni kwake.

Wapo wanaosema mgomo ulikuwa mbwembwe tu, mahakama ndiyo iliyoamua. Kweli, kesi ya Browder dhidi ya Gayle ndiyo iliyovunja sheria ya ubaguzi katika mabasi. Lakini waliosimama kama walalamikaji walikuwa wanawake wa mji huo huo, akiwemo Claudette Colvin, aliyekamatwa miezi tisa kabla ya Parks akiwa na miaka 15. Na tarehe 13 Novemba 1956, siku ambayo Mahakama ya Juu iliwapa haki, hakimu wa Alabama alipiga marufuku magari yao. Wakaenda kwa miguu zaidi ya mwezi, hadi amri ya Washington ilipofika Desemba 20.