Dawa ile ile, mara ya pili
Mwandishi, umesema wagonjwa wa Italia wenye saratani ya utumbo mpana wamerudishiwa dawa "iliyoshindwa". Hapo sikubaliani nawe. Dawa hiyo, panitumumab, haikushindwa moja kwa moja: seli zenye mabadiliko kwenye jeni kama RAS ndizo zilizoikwepa zikazaana, na dawa ikisimamishwa seli hizo hupungua taratibu. Ndiyo maana kwenye utafiti wa CHRONOS (2022) walipima damu kwanza kutafuta mabadiliko hayo. 27 kati ya waliokutwa safi wakapewa tena, na uvimbe ukanywea kwa wagonjwa 8. Si haba, kwa saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa.

Baba yangu mdogo aliitumia. Uso ulimjaa vipele kama kijana anayebalehe, asubuhi foronya ina madoa ya damu. Kumrudisha huko bila hicho kipimo, mimi nisingekubali.