Sitapiga picha mbele ya nyumba ya watu

Jumapili iliyopita kaka yangu mkubwa alinipigia simu. Baada ya salamu na habari za watoto akafika pale alipotaka kufika. Mdogo wetu wa mwisho anaposwa, wageni wanakuja nyumbani Tanga mwisho wa mwezi, na upande wa mume wameshauliza: yule dada aliyeko Marekani anakaa wapi? Kaka akaniambia kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, tafuta nyumba nzuri hapo ulipo, simama mbele yake, piga picha ututumie. Picha moja tu."

Nikamuuliza nyumba ya nani. Akasema yoyote.

Sikumjibu siku ile. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, na niliogopa maneno ambayo yangenitoka. Leo nimelala vya kutosha, najibu. Najibu hadharani kwa sababu najua picha za namna hiyo ziko kwenye simu za wazazi wengi huko nyumbani: mtu amesimama kwenye ngazi za nyumba ambayo hajawahi kuingia ndani.

Mimi naishi kwenye trela. Urefu wake futi 17, na ukiutoa ule mkono wa kuvutia kinabaki chumba cha mita nne na kitu. Ndani kuna kitanda, meza, jiko la gesi, friji dogo na choo ambacho humo humo ndimo bafu. Nalivuta kwa pikapu yangu mwenyewe, na vyote viwili nimemaliza kuvilipia. Huu ni mwaka wa tatu.

Kazi yangu ni unesi wa mikataba. Hospitali inakuchukua kwa wiki 13, zikiisha unaongezewa au unafunga mizigo unakwenda mji mwingine. Sasa niambieni, mtu wa wiki 13 apange wapi? Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Huku anataka usaini mwaka mzima, na ukiondoka kabla unaweza kudaiwa hata miezi ambayo hukulala. Nyumba yenye samani ya kukaa muda mfupi, kwenye mji mdogo wa Texas wenye hospitali moja, niliulizwa dola 1,900 kwa mwezi. Kambini, yaani kwenye uwanja wa kupangisha wenye matrela, nalipa dola 520, na umeme kwa mita. Tofauti hiyo ndiyo iliyomsomesha mdogo wetu huyo huyo anayeposwa. Ndiyo bati za nyumba ya mama. Kaka anajua, maana hela nilimtumia yeye, na yeye ndiye aliyekwenda dukani kununua bati.

Hapo ndipo paliponiuma. Wageni watakaa chini ya bati zile, wale pilau, kisha waonyeshwe nyumba ya mtu nisiyemjua kana kwamba ndiyo iliyolipa.

Mimi bado si raia wa huku, nina kadi ya ukaazi. Kila ninapohama sheria inanipa siku 10 kuwapa watu wa uhamiaji anwani mpya, na kila mara naandika jina la kambi na namba ya kiwanja changu. Hospitali inajua ninapolala. Serikali ya Marekani inajua. Naambiwa mkwe ndiye asijue.

(Manesi wenzangu mnaoniuliza kuhusu posho ya malazi inayokuja na mikataba hii: kama huna nyumba kwingine ambayo bado unaigharamia, mamlaka ya kodi inakuhesabu mtu asiye na kituo, na posho ile inatozwa kodi kama mshahara. Mimi natozwa. Pigeni hesabu zenu mkilijua hilo mapema, msije kushtuka Aprili, mwezi wa kufunga hesabu za kodi.)

Wanaosema naishi "kwenye gari" wanadhani ni maisha ya dhiki ya maji. Jamani, mimi nimekulia Ngamiani, pale pale Tanga. Maji yalikuwa yanakuja kwa zamu, saa nyingine usiku wa manane, na mama alikuwa analala sikio moja liko kwenye bomba. Tangi la trela langu linachukua galoni 30, kama lita 113, yaani madumu matano na zaidi ya nusu ya lita 20. Hita ya maji moto ni galoni sita basi. Jirani yangu wa kwanza kambini, mzee mmoja kutoka Ohio, alikuwa anaishiwa maji ya moto sabuni ikiwa kichwani, na tangi lake la maji machafu ya bafuni lilikuwa linajaa kila baada ya siku mbili. Mimi naoga kwa ndoo na kopo. Lita saba zinanitosha, na nywele nimeosha.

Mzee alikuja kuniuliza siri yangu. Nikamwonyesha: simama ndani ya beseni, jimwagie makopo mawili, weka kopo chini, paka sabuni mwili mzima, sugua, ndipo usuuze kuanzia juu. Yale ya kwenye beseni usiyamwage ovyo, yanasukuma choo. Alisikiliza kwa makini kama mwanafunzi. Kesho yake asubuhi alinigongea kuniambia amebakiwa na maji ya moto. Mtu wa miaka zaidi ya 70 aliyezunguka nchi yake nzima, na kitu alichokuwa hana kilikuwa ni kile ambacho mama yangu alinifundisha nikiwa na miaka mitano. Siku ile nilifurahi sana. Nilitamani mama angemwona.

Ujuzi ule ndio ulionikalisha jangwani siku nane bila kuongeza maji. Ilikuwa Quartzsite, Arizona, kati ya mkataba na mkataba. Pale kuna ardhi ya serikali kuu ambapo watu wa matrela wanaruhusiwa kukaa msimu mzima, Septemba 15 hadi Aprili 15. Nilipokwenda mimi kibali cha msimu kilikuwa dola 180, cha siku 14 dola 40. Nikachukua cha 40. Asubuhi unaona matrela mpaka macho yanachoka, wengi wao wastaafu, na hakuna anayemwona mwenzake ameanguka kimaisha. Watoto wao wanawapigia simu kuwauliza wamefika wapi, wanajivuna nao.

Na pale Quartzsite kuna kaburi lililonisimamisha. Piramidi ya mawe, juu yake sanamu ya ngamia. Amezikwa Haji Ali, mtu wa himaya ya Waosmani, Waturuki wa zamani, aliyefika Marekani mwaka 1856 na ngamia ambao jeshi lilikuwa limewanunua kubebea mizigo majangwani. Watu walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly, na ndivyo ilivyoandikwa pale. Alifariki 1902, mnara ukajengwa 1935. Mimi binti wa Ngamiani nimesimama mbele ya ngamia, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani, nikamsomea Fatiha. Nilikaa pale karibu saa nzima. Kama kuna picha ambayo ningependa wakwe waione, ni ile.

Sasa, nisiwadanganye na mimi. Trela halikutengenezwa kwa ajili ya maisha ninayoishi, na hilo limeandikwa wazi. Kanuni ya wizara ya nyumba ya Marekani ya mwaka 2018 inasema gari la namna hii ni la mapumziko, si makazi ya kudumu, na kitabu cha mtengenezaji kinasema hivyo hivyo. Ukuta wangu ni unene wa vidole vitatu. Umeme ni ampea 30, kwa hiyo kiyoyozi kikiwa kinaunguruma usiwashe oveni ya umeme na birika, vitazima vyote. Choo kina tangi lake, na koki ya tangi hilo inafunguliwa likikaribia kujaa tu. Ukiiacha wazi kwa uvivu maji yanakwenda, uchafu unabaki unakauka, na kazi utakayoifanya baadaye sitaieleza hapa. Usiku mmoja wa Februari, kaskazini ya Texas, mpira wa maji uliganda ukawa mgumu kama nondo. Na safari yangu ya kwanza nilipanga magunia ya unga na vitabu nyuma kabisa ya trela. Upepo wa karibu na Amarillo ulipolikamata likaanza kuyumba kushoto kulia na kuivuta pikapu, nikaachia mafuta taratibu huku nasoma kila dua ninayoijua. Mzigo mzito unakaa mbele, karibu na magurudumu. Aliyeniuzia hakuniambia.

Lakini hayo yote si kitu mbele ya unyevu.

Mwaka wa kwanza nilianza kukohoa mwezi wa Januari. Nikadhani ni mafua ya wodini. Wiki ya tatu bado nakohoa, usiku zaidi kuliko mchana. Madirisha yalikuwa yanatoka jasho kila asubuhi, nafuta kwa taulo, nakamua, naendelea na shughuli zangu. Siku moja nikaangusha hereni upande wa ukutani, nikainua godoro kuitafuta. Harufu ilinipiga kwanza, harufu ya gunia la mbata zilizonyeshewa. Halafu nikaona. Chini ya godoro lote, pale mgongo wangu unapolala, madoa meusi ya kuvu yameshikana kama ramani, na ubao umelowa mpaka ukiuminya kwa kidole unabonyea. Nilikaa sakafuni nikalia. Nilikuwa ninapumua kitu kile kila usiku, mimi ambaye kazini ndiye ninayewahubiria wagonjwa habari za mapafu.

Nilipotulia nikaanza kuuliza maji yanatoka wapi, wakati dari halivuji. Yanatoka kwangu mwenyewe. Pumzi yangu. Nguo niliyoanika ndani. Na jiko: kila kilo ya gesi unayoiunguza jikoni inaacha hewani zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, hata kabla hujahesabu mvuke wa sufuria. Mimi nilikuwa nachemsha maharage saa mbili, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Unyevu wote ule unatafuta mahali penye baridi ukatulie, na chini ya godoro ndipo penye baridi kuliko pote, kwa sababu kitanda kile kilikuwa plaiwudi tupu, godoro limelazwa juu yake hivi hivi.

Fundi kitanda yeyote wa Ngamiani angekataa kazi hiyo. Kitanda kina chaga. Hata kitanda cha bei ya chini kabisa kina chaga, ili godoro lipumue. Nilitupa godoro, nikakata ule ubao ulioharibika, nikapaka dawa, nikaacha milango wazi siku mbili. Kisha nikanunua mbao nyembamba, nikazikata kwa msumeno wa mkono kwenye meza ya kambini, nikapiga chaga 14 kuanzia kichwani hadi miguuni. Maharage sasa napikia nje. Feni ya darini inazunguka hata kukiwa na barafu, sufuria haikai bila mfuniko. Kikohozi kikaisha mwezi ule ule.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ahamie kwenye trela na watoto watatu, Minnesota kwenye baridi kali, mwezi wa kumi na moja, namwambia hapana, na sina haya kusema hivyo. Na usinunue kabla hujapima kengele ya kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, na ya gesi. Zina tarehe ya mwisho mgongoni, isome. Lakini mtu mzima mmoja, kazi ya kuhamahama, anayejua kuishi na ndoo? Haya ni makazi. Nayafagia, nayapiga deki, nina mkeka na picha ya baba ukutani. Akija mgeni anakaribishwa, na kambi mbili zilizopita nilifuturisha watu sita kwenye meza ya nje.

Juzi sikumpigia kaka. Nilimpigia mama, kwa video. Nikamwambia, mama, nataka uione nyumba yangu, nikazunguka nayo simu, jambo lililochukua kama dakika moja. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza maji nayapata wapi. Nikamwonyesha bomba, tangi, ndoo, kopo. Akauliza choo kinamwagwa wapi, nikamweleza. Akasema, "Inua godoro nione."

Nikainua. Akasogeza uso kwenye simu, nikawa naona jicho moja na ukingo wa mtandio.

"Chaga nani kakupigia?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Akamwita shangazi aje aone. Wakazihesabu wote wawili, kwa sauti, moja mpaka kumi na nne. Halafu mama akasema hizo mbili za kichwani nimeziachanisha mno, godoro litazama pale.

Kweli linazama. Ubao mmoja ulibaki, uko chini ya meza. Kesho nikitoka zamu nauongeza, na picha nitakayomtumia kaka nitaipiga baada ya hapo, mlango wa trela ukiwa wazi nyuma yangu.