Kerneli ikikataa kupachua diski, nani mwenye haki?

Pita kwenye saiba za Mwembe Tayari, Mombasa, wakati wanafunzi wa vyuo wanapowasilisha ripoti, utausikia mgogoro huu bila mtu kuupa jina. Mteja ameshachapishiwa kurasa zake na anataka flashi yake. Kijana wa kaunta anabofya kitufe cha kuitoa, kompyuta inajibu kwamba kifaa bado kinatumika. "Yakhe, chomoa tu, matatu yaniacha!" Inachomolewa, na mara nyingi hakuna kinachoharibika. Hapo ndipo penye taabu. Onyo ambalo mara nyingi halitimii huzoeleka, na siku likitimia, ripoti ya muhula mzima imekwenda.

Swali ni hili: mwenye mashine akiamuru mfumo wa mafaili (mpangilio wa mafaili kwenye diski) upachuliwe, yaani utenganishwe na kompyuta, je, kerneli, kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia mashine, ina haki ya kumkatalia?

Tazama kwanza kinachofanyika chini. Ukinakili faili kwenye flashi katika mfumo endeshi wa Linux, kwa kawaida kerneli huipokea data, huiweka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, na kuiambia programu kwamba kazi imekwisha. Kuandika kwenyewe huja baadaye. Kwa mipangilio ya kawaida kuna kazi ya nyuma inayoamka kila sekunde 5 na kusukuma data iliyokaa zaidi ya sekunde 30 bila kuandikwa. Flashi ya bei rahisi, inayoandika megabaiti 5 kwa sekunde, huhitaji zaidi ya dakika 3 kumeza gigabaiti 1, hata kama mstari wa kunakili ulishafika mwisho kwenye skrini. Kupachua ndiko kunakolazimisha yote yaandikwe: data, majedwali yanayosema kila faili liko wapi, na alama kwamba diski imefungwa vizuri.

Kerneli hukataa pale inapoona kuna mtu bado ndani. Faili moja lililofunguliwa linatosha. Dirisha la amri lililoachwa likiwa ndani ya folda ya flashi linatosha pia. Hata faili lililokwisha kufutwa, maadamu kuna programu inayolishikilia, huizuia kazi.

Wanaotetea ukatazaji huu wana hoja nzito, na kwa flashi za mitaani ni nzito zaidi. FAT32 na exFAT, aina za mifumo ya mafaili ambazo ndizo zimejaa kwenye flashi za Mombasa nzima, hazina jarida la kumbukumbu la kurudisha mambo sawa baada ya kukatika katikati. Ukichomoa wakati jedwali limeandikwa nusu, unaweza kubaki na faili la ukubwa wa sifuri, au vile vipande vya FILE0000.CHK ambavyo kila fundi wa kompyuta ameletewa siku moja na mteja anayeuliza kama vinaweza kurudi kuwa picha za harusi. Ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, ina jarida, lakini nalo hulinda zaidi mpangilio wa diski kuliko yaliyomo katika kila faili. Na hakuna jarida linaloweza kuokoa kile ambacho programu bado haijaikabidhi kerneli.

Hata hivyo, upande wa pili sio wa watu wenye haraka tu. Lalamiko lao la kwanza ni kwamba ukatazaji wenyewe ni bubu. Katika Linux kerneli hurudisha namba, 16, yaani EBUSY (kinatumika), basi. Haisemi ni programu gani inayozuia. Mazingira ya eneokazi kama GNOME hujaribu kuonyesha orodha ya programu husika, lakini wengine huachwa wakikisia. Mtu aliyekataliwa bila kuambiwa sababu atatumia mkono, na mkono hauombi ruhusa ya kerneli.

Microsoft waliikubali hali hiyo. Kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, chaguo la kawaida kwa vifaa vya nje ni lile la kutolewa haraka: data haicheleweshwi kwenye kumbukumbu, ila kasi ya kuandika hupungua. Naona ni uamuzi wa busara kwa flashi, ingawa kuchomoa katikati ya kuandika bado ni hatari ile ile. Linux nayo ina chaguo la sync linaloandika kila kitu papo hapo, lakini ni la polepole na linaweza kufupisha maisha ya flashi. Kwa FAT kuna chaguo la flush, linaloharakisha uandishi bila kufika huko, nalo linafaa zaidi.

Tukitoka saiba tukaingia ofisini, mizani inageuka. Chukua ofisi ya mawakala wa forodha, yenye folda ya pamoja inayoletwa kwa NFS, njia ya kushiriki mafaili kupitia mtandao, kutoka kwenye seva iliyo mji mwingine. Laini ikikatika, kila programu iliyogusa folda ile huganda ikisubiri jibu. Ukijaribu kupachua, unaambiwa inatumika. Hapa ukatazaji haulindi chochote, kwa kuwa seva haipatikani na data haina pa kwenda.

Kwa hali kama hii Linux ina njia mbili, na zote mbili hueleweka vibaya. Ya kwanza ni amri ya kupachua, umount, ikiongezewa -f. Wengi hudhani ni nguvu ya mwisho ya kung'oa diski yoyote. Sivyo. Huuomba mfumo wa mafaili ukate maombi yanayosubiri, na ni mifumo michache tu inayoitikia, hasa ya mtandao kama NFS na CIFS, pamoja na FUSE (mifumo inayoendeshwa na programu nje ya kerneli). Kwenye ext4 au FAT ya flashi haikusaidii lolote. Hata kwenye NFS, ikiwa baada ya kukata maombi bado kuna programu iliyoshikilia, jibu ni lile lile.

Ya pili ni umount -l, ile ya kivivu, na hii ndiyo ninayoitilia shaka. Huondoa mfumo wa mafaili kwenye mti wa folda mara moja na kukujibu kwamba imefaulu, ilhali upachuaji halisi husubiri hadi mtumiaji wa mwisho atoke. Ni kama kung'oa kibao cha duka huku wateja wangali ndani wakinunua. Kijana wa saiba akiitumia kwenye flashi, ataona jina limetoweka, atachomoa kwa amani, na programu iliyokuwa ikiandika itakuwa bado inaandika. Tena sasa kumtafuta anayezuia ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu njia ya folda haipo tena. Mwongozo wa amri yenyewe huonya kwamba ukiitumia kwa mfumo wa mtandao, tarajia kuiwasha mashine upya karibuni. Kwa seva iliyokwisha kufa, au mashine inayozimwa, naikubali. Kwa diski unayokusudia kuishika mkononi, bora kukataliwa.

Waundaji wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, wamechagua njia nyingine. Ukilazimisha kupachua, mfumo wa mafaili huondoka kweli, na programu iliyokuwa na faili wazi hupata kosa ikijaribu kuligusa tena. Programu itaumia, na kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea, lakini amri ikirudi, imefanya ilichosema. Mimi ningependa mpangilio huo: kerneli ikatae kwanza, itaje anayezuia, kisha mwenye mashine akisisitiza itii kikamilifu na wenye faili wazi waambiwe.

Pingamizi la waundaji wa Linux si dogo, lakini. Viraka (marekebisho ya msimbo) vya kuleta wito wa revoke, wa kunyang'anya mafaili yaliyokwisha kufunguliwa, vilipendekezwa miaka ya 2006 na 2007 na havikuingia kwenye kerneli kuu. Kukata operesheni katikati kunagusa kila mfumo wa mafaili, na programu iliyolisoma faili kwa kulipachika kwenye kumbukumbu yake ikinyang'anywa kurasa zile hupigwa ishara ya SIGBUS, ya kosa la kugusa kumbukumbu, ambayo programu nyingi haziko tayari kuipokea. Kosa dogo kwenye sehemu hiyo huiangusha mashine nzima. Kwa miaka mingi Linux ilikuwa na ujumbe, ulioandikwa na mtu mwenye utani mkavu, kwamba kuna inodi (rekodi za mafaili) zenye shughuli baada ya kupachua, mashine itajilipua baada ya sekunde 5, na siku njema.

Kwa sasa, mwenye saiba anayetumia Linux aandike amri ya fuser -vm ikifuatiwa na njia ya folda ya flashi, ataona programu inayozuia na namba yake. Akiifunga hiyo, akapachua kawaida na kungoja amri irudi, mteja ataondoka na flashi iliyo salama. Saa za kuchapisha ripoti, mara nyingi ni kisoma PDF kilichosahauliwa nyuma ya dirisha jingine.