Wafadhili wakiondoka, siku thelathini hazisimami

Mjadala wa kukatwa kwa fedha za msaada wa kisheria Tanzania umekwama kwenye majina ya nchi. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje tarehe 20 Januari 2025, kwanza kwa siku 90. Mwezi uliofuata Uingereza nayo ikatangaza kwamba kufikia 2027 itakuwa imeshusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3. Tangu hapo kila kikao kinauliza nani atafuata na nani ataziba pengo. Sawa, tuulize. Lakini wanaouliza, wengi wao hawajawahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya msaidizi wa kisheria wa kata, mtu asiye wakili aliyefunzwa kuwaelekeza watu hatua za kisheria, wakaona fedha hizo zinanunua nini hasa.

Zinanunua muda. Si kesi kubwa za kikatiba, wala si wakili mwenye joho.

Chukua mtu aliyeshindwa kesi ya madai Mahakama ya Mwanzo. Ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Aliyeshindwa shauri la ardhi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Aliyefukuzwa kazi ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kama mgogoro ni wa aina nyingine, mfano malimbikizo ya mshahara, siku 60. Hakuna anayekutangazia hesabu hii kwa kipaza sauti. Hakimu akimaliza kusoma hukumu atasema haki ya rufaa iko wazi, na mtu anatoka nje anaanza kutafuta nauli ya kurudi kijijini.

Siku zikipita, sheria haifungi mlango kabisa, inaruhusu kuomba kuongezewa muda. Hapo ndipo pagumu. Mahakama zetu zimeshikilia msimamo kwamba mwombaji lazima aeleze kila siku aliyochelewa, moja baada ya nyingine. "Sikujua sheria" si sababu. "Nilikuwa nasubiri nakala ya hukumu" inaweza kuwa sababu, mradi uthibitishe kwamba uliiomba. Uthibitisho ni nini? Ni barua ya mistari minne ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, iliyopelekwa masjala mapema na kugongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe kwenye nakala yako. Karatasi hiyo haifiki shilingi mia tano. Asiyekuwa nayo anaweza kupoteza shamba la ekari sita huku haki ikiwa upande wake. Na anayemwambia mwanakijiji aandike barua ile, siku ileile ya hukumu, ni msaidizi wa kisheria ambaye leo mradi wake umefungwa.

Ndoa nazo zina mtego wake. Anayetaka talaka kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida lazima kwanza apite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la dini, na atoke na hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, ile Fomu Na. 3. Hati hiyo isiwe na zaidi ya miezi sita siku ya kufungua shauri. Makosa yanajirudia: baraza limemsikiliza mke peke yake, au limetoa barua ya "tunawatambulisha kwenu" isiyosema popote kwamba usuluhishi umeshindikana, au hati imekaa kabatini mwaka mzima. Shauri linasikilizwa, mashahidi wanaitwa, mali inagawanywa, kisha kwenye rufaa yote yanafutwa kwa sababu ya hati moja mbovu. Mama aliyeokoteza ushahidi wa mchango wake katika nyumba anaambiwa aanze upya. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Haki hiyo ipo kwenye karatasi. Kuifikia kunaanzia kwenye Fomu Na. 3.

Mirathi sitaimaliza hapa, ni bahari. Itoshe kusema kwamba mashauri mengi huharibika mwanzoni, pale familia inapofungua Mahakama ya Mwanzo mirathi ambayo mahakama hiyo haina mamlaka nayo. Yenyewe inashughulikia mirathi za sheria ya kimila na za Kiislamu. Halafu huharibika mwishoni: msimamizi wa mirathi akishapata Fomu Na. 4 ya uteuzi anaona kazi imekwisha, wakati ndani ya miezi minne anatakiwa awe amepeleka mahakamani Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu kwenye Fomu Na. 6. Wajane wanaolalamika kwamba "shemeji kauza kiwanja" mara nyingi hawajui kwamba wana haki ya kumwomba hakimu amwite huyo shemeji alete Fomu Na. 5.

Sasa hesabu. Tuseme msaidizi wa kisheria anafanya safari nane kwa mwezi za bodaboda, shilingi 4,000 kwenda na kurudi. Hiyo ni 32,000. Vocha 10,000, nakala na karatasi 8,000. Jumla 50,000 kwa mwezi, 600,000 kwa mwaka. Badilisha bei upendavyo kulingana na kata yako, bado hutaikaribia gharama ya siku mbili za warsha hotelini. Hapa nawapa haki wakosoaji: sehemu ya fedha za wafadhili iliishia kwenye fulana, mabango, posho za vikao na ripoti zenye picha za watu waliopanga mstari. Anayesema sekta ilijizoesha vibaya hajakosea. Kosa lake ni kudhani kwamba fedha zikikatwa, vikao ndivyo vitakavyokufa kwanza. Vikao vina wenyewe, makao makuu. Kinachokufa kwanza ni nauli ya bodaboda.

Na msimshauri msaidizi wa kisheria "ajiongeze" atoze kidogokidogo. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, iliyomtambua rasmi, inamkataza kumtoza anayemhudumia. Haimruhusu pia kusimama mahakamani kama wakili. Tumemfunga mikono miwili kwa nia njema, tukamwachia mfadhili amlishe. Mfadhili akiondoka, mwenye bidii anaacha kwenda vijijini, na nafasi yake anaichukua kishoka, yule jamaa wa nje ya geti la mahakama mwenye begi na kalamu, anayeandika "sababu za rufaa" kwa bei anayoipanga akikuangalia viatu. Kishoka hahitaji ruzuku.

Serikali inajibu kwamba ipo Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, na kila Januari ipo Wiki ya Sheria. Siyabezi yote mawili. Kampeni imewafikisha mawakili na maofisa wa ardhi mahali ambapo hawajawahi kuonekana, na mgogoro wa mpaka unaweza kumalizwa siku ileile kwa kuwaleta majirani na mwenyekiti wa kijiji meza moja. Lakini hema la kampeni linakaa siku chache, na shauri la ardhi halina ratiba hiyo. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui, na lina siku 30. Likishindwa ndipo mtu aende wilayani na cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana, na zikipita siku hizo bila majibu anaweza kwenda bila cheti. Aliyeelezwa haya na kampeni mwezi wa tatu, mwezi wa tano anapokosa cheti atamuuliza nani? Hema limeshahamia mkoa mwingine.

Waingereza walishajaribu njia hii ya kukata fedha za msaada wa kisheria, wakiwa na fedha nyingi kuliko sisi. Sheria yao ya 2012, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2013, iliondoa msaada wa kisheria kwenye sehemu kubwa ya mambo ya familia, madeni, mafao na ajira. Watu hawakuacha kugombana. Waliingia mahakamani wenyewe bila wakili, na majaji wakajikuta wakiwaelekeza hatua kwa hatua.

Ninachopendekeza hakihitaji mkutano wa kimataifa. Sheria ya Kenya ya 2016 iliunda mfuko wa msaada wa kisheria. Yetu ya 2017 iliunda bodi ya ushauri na msajili, mfuko ikauruka. Bunge liuongeze, na sheria iseme fedha zianzie chini: nauli, vocha na karatasi za wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, zipitie kwa msajili msaidizi wa wilaya, ambaye tayari anawafahamu kwa majina. Malipo yafuate daftari la mashauri: jina la kesi, tarehe ya hukumu, tarehe ya mwisho ya rufaa, hatua iliyochukuliwa. Safu hizo nne zitaonyesha nani anafanya kazi kuliko ripoti yoyote ya kurasa 60. Na wakati mfuko unasubiriwa, mahakama inaweza kuanza kesho bila senti ya mtu: kila nakala ya hukumu ya Mahakama ya Mwanzo igongwe muhuri mmoja zaidi, wenye tarehe ya mwisho ya rufaa ikiwa imeandikwa kwa mkono, kwa wino wa bluu.