Warwick Davis anastahili sifa kwa kazi isiyoonekana kwenye filamu

Februari 2025, BAFTA, taasisi ya filamu na televisheni ya Uingereza, ilimpa Warwick Davis tuzo yake ya juu kabisa ya heshima, na wengi waliompongeza mwigizaji huyo mwenye kimo cha takriban sentimita 107 walikumbuka wahusika aliowaigiza. Kwa maoni yangu, jambo kubwa alilolifanya haliko katika filamu yoyote.

Alikuwa na umri wa miaka 11 bibi yake aliposikia redioni kwamba wanatafutwa watu wafupi kwa ajili ya filamu ya Star Wars. Kenny Baker, mwigizaji mfupi aliyekuwa amepangiwa kumwigiza Wicket, kiumbe mdogo mwenye manyoya, alipougua, nafasi ikamwangukia mtoto huyo, na filamu ilipotoka mwaka 1983 watazamaji wakampenda Wicket bila kuijua sura iliyokuwa ndani ya manyoya. Mwaka 1988, katika Willow, alionekana kwa uso wake mwenyewe akiwa mhusika mkuu, mkulima mwenye mke na watoto. Ungedhani mlango umefunguka, lakini kufikia 1993 sura yake ilikuwa imefichwa tena chini ya vipodozi vizito vya filamu ya kutisha ya Leprechaun. Katika Harry Potter ya kwanza, kiumbe Griphook alikuwa na mwili wa Verne Troyer na sauti ya Davis: waigizaji wawili wafupi kwa kiumbe mmoja, na hakuna hata mmoja ambaye uso wake ulitambulika!

Mwaka 1995, yeye na baba mkwe wake, Peter Burroughs, walianzisha wakala wa waigizaji wafupi. Mwigizaji aliye peke yake akiikataa kazi inayomdhalilisha, anajua kwamba ataitwa mwingine. Mwenye wakala ana mtu wa kumsemea kuhusu malipo, saa za kazi na joto la vazi. Ndiyo maana mwigizaji mfupi mwenzake, Peter Dinklage, alipoilaumu filamu mpya ya Snow White mwaka 2022 kwa kuirudia hadithi ya vibeti saba, nilimwelewa, lakini niliwaelewa zaidi waigizaji wafupi waliolalamika kwamba nafasi zenyewe ni chache, kwa kuwa kukataa ni rahisi kwa mwenye tuzo nne za televisheni za Emmy kama yeye.

Hata hivyo, Dinklage alipata katika X-Men ya mwaka 2014 nafasi ya mwanasayansi ambaye hadithi haizungumzii kimo chake hata kidogo. Davis alistahili kupewa nafasi ya namna hiyo tangu akiwa na miaka 30.