Ubavu wa Tairi Kwanza, Ulaini wa Mpira Baadaye

Miongoni mwa waendeshaji wa baiskeli za milimani jijini Nairobi kuna rai iliyorudiwa mara nyingi hata imekoma kuhojiwa: kwamba tairi lenye keisingi nzito ni la washindani wanaoteremka milima ya Ulaya, na kwamba mtu anayezunguka msitu wa Karura kila Jumamosi na kupanda vilima vya Ngong mara moja kwa mwezi anunue tairi jepesi, lenye mpira laini kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Rai hiyo ina ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayowafanya wengi wasukume baiskeli hadi barabarani kutafuta bodaboda ya kuwabeba wao na baiskeli yao.

Keisingi ni kitambaa cha nyuzi za nailoni ambacho ndicho mwili wa tairi. Kompaundi ni mchanganyiko wa mpira wa meno yanayogusa ardhi. Watengenezaji huvitaja viwili hivyo kwa majina tofauti. Maxxis wana EXO, EXO+ na DoubleDown kwa keisingi, kutoka nyepesi hadi nzito, kisha MaxxTerra ya wastani na MaxxGrip iliyo laini zaidi kwa kompaundi. Schwalbe wana Super Trail na Super Gravity kwa upande mmoja, Addix Soft na Ultra Soft kwa upande wa pili. Mnunuzi basi hufanya maamuzi mawili, ilhali wengi wetu tumezoea kuyaona kuwa moja, la bei tu. Hata ile nambari ya nyuzi kwa inchi hupotosha, kwa kuwa nyuzi 120 ni nyembamba na laini kuliko nyuzi 60, na DoubleDown hupata uimara wake kwa kulaza tabaka mbili za nyuzi 120. Dereva wa matatu angelielewa jambo hili upesi kuliko sisi, kwani yeye akinunua tairi huuliza kwanza ni plai ngapi, yaani tabaka ngapi za nyuzi.

Wanaotetea wepesi wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Keisingi nyembamba hunyumbulika kwa urahisi, hivyo hupoteza nguvu kidogo inapobingirika, nasi wa Nairobi hutumia sehemu kubwa ya safari kwenye lami kabla hatujaliona lango la msitu. Njia za Karura zenyewe ni udongo ulioshindiliwa, mizizi, na mawe ya hapa na pale. Mtu mwepesi asiyetoka humo anaweza kumaliza meno ya tairi la EXO bila kulipasua ubavu hata mara moja. Bei nayo ni hoja, hasa kwa kuwa matairi ya daraja hili mara nyingi huja kwa kumwagiza ndugu anayesafiri, naye hupima kila gramu ya mzigo wake.

Kinachosahaulika ni upepo. Keisingi nzito husifiwa au kulaumiwa kana kwamba kazi yake ni moja tu, kuzuia mipasuko, lakini faida yake kubwa ni kumruhusu mwendeshaji apunguze presha. Tuchukue mtu ambaye gurudumu lake la nyuma linabeba kilo 55. Akijaza psi 30 (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha), hesabu rahisi ya uzito kugawanywa kwa presha inaonyesha kwamba tairi linagusa ardhi kwa eneo la takribani sentimita 26 za mraba. Akishuka hadi psi 22, eneo hilo hufikia takribani 36, ongezeko la zaidi ya theluthi moja. Hesabu hiyo si kamili, maana ubavu mgumu nao hubeba sehemu ya uzito, lakini mwelekeo wake haubishaniwi: tairi lenye upepo mdogo hukumbatia jiwe badala ya kudunda juu yake. Tatizo ni kwamba tairi la keisingi nyembamba likishushwa hadi psi 22 chini ya mtu mzito hujikunja kwenye kona, hutema upepo ukingoni mwa rimu, na likigonga jiwe hubanwa kati ya jiwe hilo na rimu hadi likatike. Mwenye tairi hilo hujifunza haraka kurudi kwenye psi 30, na hapo ndipo mshiko alioununua kwa kompaundi laini unapopotea. Kwa maneno mengine, alilipia mpira, kisha pampu ikamnyang'anya.

Ushahidi wa karibuni unaelekea huko huko. Mwaka 2024 Schwalbe walitoa matairi ya radiali, yakiwemo Albert, ambayo nyuzi zake zimelazwa kwa pembe iliyo wima zaidi kuliko desturi, na mshiko wanaojivunia umetokana na namna keisingi inavyojikunjua juu ya ardhi, kwa kompaundi zile zile za Addix.

Na uzito je? Keisingi nzito huongeza, kwa kawaida, gramu 200 hadi 300 kwa kila tairi. Tuseme nusu kilo kwa matairi yote mawili. Kwa mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 95, hiyo ni karibu nusu ya asilimia moja, nayo katika mwinuko wa saa nzima ni takribani sekunde 20. Uzito ulio kwenye gurudumu huhisika zaidi unapoongeza kasi, ni kweli, lakini anayepanda Ngong huku upepo ukimsukuma ubavuni hana kasi kubwa ya kuongeza. Gharama halisi ya kubingirika hutoka zaidi kwenye mpira laini, ambao ukibonyezwa hurudi polepole na kumeza nguvu za miguu kila meno yanapogusa ardhi.

Keisingi nzito, hata hivyo, haizuii mwiba. Mwiba mrefu wa mgunga, kama ile ya barabara ya Magadi, hupenya tabaka mbili kama unavyopenya moja, na dawa yake ni tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu, yenye maji ya kuziba. Maji hayo huziba tundu la mwiba; hayazibi mpasuko wa ubavu. Nami nililijua hilo katika hifadhi ya Hell's Gate, nilipotazama maji yote yakimiminika kwenye mchanga kupitia mkato usiofika urefu wa kidole, kwenye tairi lililokuwa na umri wa wiki tatu na meno ambayo hayajaanza kulika.

Kuhusu kompaundi, sifa za mpira laini kabisa, wenye ugumu wa takribani 42 kwa kipimo cha Shore A, zimetungwa na watu wanaoendesha kwenye baridi inayokaribia kugandisha maji, ambako mpira wa kawaida hukakamaa. Asubuhi ya Julai hapa kwetu kwa kawaida huwa na nyuzijoto 10 au zaidi, na mpira wa wastani bado huwa hai. Lami nayo huula ule laini bila huruma. Katika msimu wa masika, udongo mwekundu unapojaza nafasi zilizo kati ya meno, ulaini hausaidii tena, na umbo la meno ndilo huamua. Mahali ambapo mpira laini hauna mpinzani ni kwenye mizizi iliyolowa, na hapo gurudumu la mbele ndilo linaloamua kama utabaki juu ya baiskeli. Kwa hiyo MaxxGrip au Ultra Soft mbele ni anasa ninayoielewa, hata kwa mtu wa Karura.

Nyuma ni habari nyingine. Tairi la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi, hugonga kila jiwe ambalo la mbele limelikwepa, na huchakaa upesi, hivyo linahitaji keisingi ya daraja la juu na mpira wa wastani. Aliye na fedha za tairi moja tu mwezi huu alinunue hilo, alijaze psi 25, kisha apunguze mbili kila wiki hadi asikie rimu ikigonga kwa mara ya kwanza, ndipo arudishe moja.